Utulivu wa Saisi Mbele ya Farasi Aliyejeruhiwa



Nilikuwa nimewaahidi kwamba juma hili tungetafakari juu ya mafungo ya vijana. Naomba mniwie radhi. Jambo hilo litangoja. Tangu Jumanne ya juma lililopita moyo wangu umeshikwa na jambo jingine, ambalo huenda likawashangaza wale wanaosoma ukurasa huu wakiwa mbali na parokia yetu. Nataka kusema juu ya farasi aliyejeruhiwa, na juu ya mtu anayesimama kando yake akiwa ameshika kamba.

Wanaotufahamu wanajua kwamba tunaishi pembezoni mwa Nairobi, upande wa Ngong, ambako farasi si mnyama wa vitabuni. Uwanja wa mbio wa Ngong umekuwapo tangu mwaka 1954, na katika mashamba ya jirani wako farasi wa mbio, farasi wa kuruka viunzi, na wengine waliozeeka ambao hula majani tu na kungoja siku zao. Wenye farasi hao, kwa sehemu kubwa, hawasali kwetu. Wanaosali kwetu ni masaisi. Ndio mnaowaona katika Misa ya kwanza ya Jumapili wakiwa wameketi nyuma karibu na mlango, kwa kuwa wamekwisha kulisha na kufagia mabanda kabla ya jua kuchomoza, nao wanapaswa kurudi kazini mara tu baada ya baraka. Neno lenyewe, saisi, lilitufikia kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na limedumu vinywani mwetu. Kazi nayo imedumu. Heshima ya kazi hiyo ndiyo sina hakika nayo.

Basi, jioni hiyo nilikuwa nikirudi kutoka kumpa mgonjwa mpako mtakatifu, nikiwa bado nimevaa kanzu nyeupe. Penye kona ya barabara ya murramu nilikuta watu wapatao ishirini wamekusanyika, baadhi yao wameinua simu wakipiga picha. Farasi jike mmoja alikuwa ameshtushwa na honi ya pikipiki, akamponyoka saisi wake, akaingia katika ua wa seng'enge. Kifua kilikuwa kimechanika na damu inashuka mguuni. Saisi, kijana wa jumuiya yetu ambaye hajamaliza hata mwaka wa pili katika kazi hiyo, alikuwa amekwisha kuipata tena kamba. Alisimama kando ya bega la yule farasi, ameshikilia sweta yake juu ya jeraha kwa mkono mmoja, akinong'ona maneno ambayo sikuyasikia. Farasi alikuwa anatetemeka, lakini ametulia.

Kama ningepita tu na gari langu, hadithi ingeishia hapo. Lakini mimi ni padre, na padre akiona damu hudhani kwamba anahitajiwa. Nililiacha gari taa zikiwaka, nikakimbia kuelekea kwao, kanzu ikipepea kwa upepo wa jioni, huku nikipaza sauti niambiwe kuna nini. Farasi aliona kitu kikubwa cheupe kikimjia kutoka ndani ya mwanga mkali. Akasimama kwa miguu ya nyuma. Kamba ilipita katika viganja vya yule kijana kama msumeno, na farasi aliposhuka alitua tena juu ya seng'enge, safari hii kwa mguu wa mbele. Jeraha la kwanza lilisababishwa na pikipiki. Jeraha la pili ni langu.

Aliyetuokoa sote ni mzee mmoja wa parokia hii ambaye amewatunza farasi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuja akitembea. Nalisema neno hilo makusudi: alitembea, tena polepole, kwa njia ya upande ili farasi amwone mapema. Aliwaambia watu warudi nyuma hadi kwenye mti na wazime taa za simu. Kisha akanigeukia mimi, kwa adabu yote, akasema, "Padre, tafadhali, kaa pale kwenye jiwe." Nikakaa. Katika miaka yangu yote ya upadre sijapata kupewa agizo lililokuwa na hekima zaidi ya hilo.

Nikiwa pale kwenye jiwe nilikuwa na saa nzima na robo ya kutazama, kwa maana daktari wa mifugo alikuwa mbali. Niliyoyaona ndiyo yaliyonifanya niandike.

Wengi wetu tunadhani utulivu ni tabia ya kuzaliwa nayo: fulani ni mtu mtulivu, fulani ana moyo mwepesi. Tena tumezoea kuwaambia wenye hofu, "Usiogope," kana kwamba hofu ni kofia ambayo mtu anaweza kuivua. Yule kijana aliogopa. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mzee naye, aliponieleza baadaye, alikiri kwamba moyo wake ulimwenda mbio. Lakini mikono yao ilikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo waliijua kabla ya siku ile. Sweta haikuondolewa juu ya jeraha kila dakika ili kuona kama damu imekoma. Ilipolowa, kitambaa kingine kiliwekwa juu yake, na mkono ukaendelea kukandamiza kwa nguvu ileile. Anayefunua jeraha kila mara huvunja damu iliyoanza kuganda, kisha hulazimika kuanza upya. Farasi wa kilo 500 ana damu ipatayo lita 40, kwa hiyo damu iliyotapakaa chini, ambayo kwetu sisi watazamaji ilionekana kama mwisho wa dunia, kwa mzee ilikuwa jambo la kupimwa. Alitaka kujua kama inachupa au inachuruzika. Ilikuwa inachuruzika.

Kisha alimpigia daktari simu. Nilitazamia kusikia, "Njoo haraka, farasi anakufa." Badala yake alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani: farasi jike, miaka tisa, kifua kimechanika upana wa kiganja, damu haichupi, mguu wa kushoto wa mbele una mkato chini ya goti, anakanyaga miguu yote minne, mapigo ya moyo ni 64, fizi zina rangi ya waridi. Alikuwa amehesabu mapigo kwa vidole viwili chini ya taya, mahali mshipa unapovuka mfupa. Farasi mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika, kwa hiyo 64 ilimwambia daktari kuna maumivu na hofu. Ufizi ulipobonyezwa kwa kidole na kuachwa, rangi ilirudi kabla ya sekunde mbili kwisha, na hilo nalo lilimwambia kwamba damu bado inazunguka vema. Kwa maneno hayo machache daktari aliweza kuchagua dawa za kubeba, na kuwaagiza la kufanya na la kutofanya hadi afike. Nadhani huo ndio utulivu unaomfaa mgonjwa: kutoa habari ambayo mwingine anaweza kuitumia. Mtu anaweza kuwa na uso mkavu kama jiwe na bado akashindwa kusema ni mguu upi ulioumia.

Farasi hutusoma kuliko tunavyomsoma. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio moja rahisi ajabu. Waliwataka watu wawaongoze au wawapande farasi mara kadhaa katika njia ileile, na mara ya mwisho wakawaambia kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Hata hivyo mapigo ya moyo ya wale watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nayo, ingawa farasi hakuambiwa neno lolote juu ya mwavuli. Hofu ya mwanadamu ilimfikia mnyama bila kusemwa. Sasa fikirini hofu iliyosemwa, tena kwa sauti ya juu, tena na padre anayekimbia.

Mnakumbuka katika kitabu cha Hesabu jinsi Balaamu alivyompiga punda wake mara tatu. Punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga. Aliyepanda juu yake hakuona kitu, akadhani ni ukaidi. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi nikimcheka Balaamu. Sitamcheka tena. Macho ya farasi yamekaa kando ya kichwa. Huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma kabisa ya mkia. Ndiyo sababu anayemjia farasi aliyeumia hupita upande wa bega, huzungumza kabla ya kugusa, na hugusa shingoni, pale inapokutana na mabega, kabla ya kuligusa jeraha. Naye asisimame kati ya farasi na ukuta. Farasi mpole kuliko wote, akishikwa na maumivu, aweza kumvunja mbavu mtu anayempenda. Kumhurumia mnyama hakumwondolei mtu wajibu wa kujilinda. Saisi aliyevunjika mguu hawezi kushika kamba, na sasa majeruhi ni wawili.

Majeraha ya damu angalau hujitangaza. Mzee aliniambia kwamba yanayomnyima usingizi ni maumivu ya tumbo, ambayo huanza kimyakimya saa nane za usiku: farasi anakwangua sakafu kwa ukwato, anaugeukia ubavu wake, analala, anainuka, anagaagaa. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia tumboni hakina mlango wa kurudi, na utumbo ukijisokota, ni saa chache tu zinazotenganisha uhai na kifo. Hapo ndipo hamaki hufanya madhara makubwa kabisa, kwa kuwa kila mtu huja na dawa yake. Mmoja huleta mafuta katika chupa na kumimina kwa nguvu kooni, nayo mafuta huingia mapafuni. Mwingine humtembeza farasi usiku kucha hadi aishiwe nguvu. Mwingine humpa kidonge cha kutuliza maumivu kilichobaki tangu mwaka jana, kisha daktari afikapo asiweze kuziona dalili. Yanayopasa kufanywa ni machache kiasi cha kutia aibu: ondoa chakula, mpigie daktari, hesabu mapigo na uandike saa, mtembeze kidogo ikiwa kutembea kunamtuliza, na akianza kujirusha chini toka ndani ya banda. Mtu aliyeshikwa na hofu hawezi kuamini kwamba kutenda machache namna hiyo ni kutenda. Kadhalika msumari ulioingia ukwatoni. Mkono huwasha kuung'oa, lakini daktari hutaka aukute mahali ulipo ili ajue umepita wapi, isipokuwa kama kila hatua inauzamisha zaidi.

Naongeza neno kwa akina mama wetu wanaobeba maji kwa punda, kwani najua wameanza kuuliza farasi wanawahusu nini. Punda ni wa ukoo mmoja na farasi, lakini huficha maumivu kuliko farasi. Msingoje agaegae. Punda aliyeinamisha kichwa, asiyetaka kula, aliyejitenga na mwenzake, huyo tayari ni mgonjwa wa kuitiwa daktari siku hiyohiyo. Fimbo haitamponya.

Nitoe mfano mmoja wa mbali, kwa kuwa ulishuhudiwa na watu wengi. Tarehe 20 Mei 2006, huko Baltimore nchini Marekani, farasi Barbaro, aliyekuwa ameshinda mbio za Kentucky wiki mbili kabla, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia mara tu mbio zilipoanza. Maelfu walipiga kelele. Mpandaji wake, Edgar Prado, mzaliwa wa Peru, alimzuia katika mwendo ule mkali, akaruka chini, akamsaidia asimame hadi watu wa tiba walipofika. Siku iliyofuata daktari Dean Richardson, katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliiunganisha mifupa hiyo kwa bamba la chuma na skrubu zaidi ya 20. Farasi aliishi zaidi ya miezi minane. Lakini mnyama mwenye uzito ule hawezi kulala kitandani kama sisi. Mguu mzima ulibeba mzigo wa mguu mgonjwa, na ndani ya ukwato wake ukazuka uvimbe mkali ambao haukushindika. Tarehe 29 Januari 2007 aliuawa kwa dawa ili asiteseke zaidi.

Nalitaja hilo kwa kuwa masaisi wawili waliwahi kuniuliza faraghani kama walitenda dhambi walipomshika farasi huku daktari akimwondolea uhai. Niliwajibu, na sasa nalijibu hadharani: hapana. Mama Kanisa anatufundisha katika Katekisimu kwamba si halali kuwatesa wanyama pasipo sababu, na kumwacha farasi mwenye mguu uliosagika asimame siku tatu kwa kuwa sisi hatuna moyo wa kuamua ni kumtesa. Uhai wa mwanadamu ni neno jingine kabisa, na mtu asije akautumia mfano huu kitandani pa mgonjwa. Lakini yule aliyemshika farasi kamba hadi pumzi ya mwisho, akimsemesha, hana jambo la kuungama. Pengine ana jambo la kulilia, nalo ni tofauti. Mmoja wao alikuwa amemtunza farasi huyo miaka kumi na minne, na kesho yake alipewa mwingine wa kupiga brashi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa niseme lililonikera. Asubuhi ya Jumatano nilipata habari kwamba yule kijana wa viganja vilivyochubuka ameambiwa akae nyumbani bila mshahara kwa sababu ya uzembe. Alimwachia farasi mara mbili, ndivyo ilivyosemwa. Nilikwenda kwa mwenye farasi, bila kanzu nyeupe safari hii, nikamweleza kwamba mara ya pili farasi hakuponyokwa na saisi. Alitishwa na padre wa parokia. Alinisikiliza. Ni mtu muungwana, nasi tulizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Nilimwuliza kwa nini nambari ya simu ya daktari haikuandikwa ukutani mwa banda. Kwa nini saisi alilazimika kwanza kumtafuta mwenye mali, ambaye simu yake ilikuwa imezimwa, ndipo apewe ruhusa ya kumwita daktari. Na kwa nini sanduku la bendeji na kipimajoto lilikuwa limefungiwa ofisini na ufunguo uko mjini. Hakuwa na jibu, na nadhani katika mashamba mengi lisingepatikana jibu.

Haya ndiyo maoni yangu, nami nayasema nikijua mwajiri mmoja au wawili watakasirika. Tunamtaka mtu anayelipwa kidogo kuliko wote shambani awe mtulivu kuliko wote usiku wa hatari, huku tumemnyima kila kitu kinacholeta utulivu: maarifa, vifaa, muda wa simu, na ruhusa ya kuamua. Kisha mambo yakiharibika tunatafuta uzembe mikononi mwake. Mzee wetu alijifunza kuhesabu mapigo ya moyo kwa sababu miaka mingi iliyopita daktari mmoja alikuwa na subira ya kumshika vidole na kuviweka chini ya taya. Dakika tano za asubuhi isiyo na shida. Tangu hapo huwahesabia farasi wake mapigo mara kwa mara wakiwa wazima, huwazoesha kuinuliwa miguu na kuguswa fizi, ili siku ya balaa mguso huo usiwe mgeni. Vijana wengi wanaoanza kazi leo hawajashikwa vidole na mtu yeyote.

Kwa hiyo mzee amekubali, baada ya kumbembeleza sana, kukutana na masaisi wote wanaotaka, Jumapili ijayo mara baada ya Misa ya pili, nyuma ya ukumbi. Daktari aliyekuja usiku ule atakuwapo pia. Farasi mmoja mzee na mpole ataletwa, na punda wawili kutoka kwa akina mama. Watoto wanakaribishwa, ila wasikimbie, na mwenye mwavuli auache kanisani. Mimi nitavaa koti la kijivu na kukaa kwenye kiti.

Farasi jike anaendelea vizuri. Nyuzi za kifuani zilitolewa juzi, na mguu unapoa. Kijana amerudishwa kazini tangu Jumatatu. Mshahara wa siku zake nne haujalipwa bado, nami nimeahidi kwenda kuuulizia tena kesho.